Gugu lililoingia na mchanga

Mchanga uliingia kwetu mwezi wa Agosti, tipa moja, wa kujengea msingi wa tanki la maji. Mafundi walitumia kama robo tatu. Uliobaki ukakaa nyuma ya jiko hadi mvua za vuli, kuku wakiogea vumbi juu yake na watoto wakichimba mahandaki. Nautanguliza kwa sababu niliupita kila siku kwa miezi mitatu, na mtu angeniuliza bustani yangu ina nini, mchanga nisingeutaja.

Tuko pembezoni mwa Arusha, upande wa njia ya Namanga, kwenye udongo wa majivu ya Meru ambao ukisahau fimbo ndani yake unaikuta imechipua. Bustani yenyewe ni matuta sita: chainizi, figiri, mnafu, vitunguu, ngogwe, na tuta moja la giligilani ambalo mke wangu hataki mtu mwingine aliguse. Wiki ya pili ya Novemba, mvua ikiwa imenyesha mara nne hivi, nikaona vimiche ukingoni mwa tuta la giligilani na vingine kando ya tanki. Majani yamelala chini, yamejipanga duara kama sahani, kila jani limechanwachanwa mithili ya jani la karoti. Rangi ni kijani kilichopauka kidogo. Vya kando ya tanki nilivihesabu, vilikuwa 17.

Hapo nikafanya kosa la kwanza. Kitu kimeota jirani na giligilani, kina majani yaliyochanika, basi nikasema ni giligilani ya msimu uliopita iliyodondosha mbegu. Nikavimwagilia. Siku mvua ilipokosekana nilivimwagilia maji ya tanki, yale ya kununua, na palizi ilipofika nikavizungukia kwa ncha ya jembe ili nisivikate. Kwa wiki mbili na nusu nilikuwa mlezi wa kitu nisichokijua, nacho kilinilipa vizuri: majani ya giligilani yalikuwa bado marefu kama kidole, yale ya mgeni yalishapita kiganja.

Mke wangu ndiye aliyevunja ndoto. Alichuma jani la kutia kwenye kachumbari, akalinusa, akalirudisha mkononi mwangu. "Hii giligilani yako haina harufu."

Kweli haikuwa nayo. Giligilani ukiigusa tu vidole vinanuka hadi jioni. Hili nililipondaponda kwenye kiganja likatoa harufu hafifu ya majani mabichi, yenye uchungu fulani unaofika nyuma ya koo. Nilifanya hivyo bila glovu, na siku zilizofuata nikalirudia jaribio hilo mara tano au sita kila aliponijia mtu wa kumwonyesha. Leo nisingefanya hivyo.

Majina yaliyoletwa

Mmea usiojulikana ukishatangazwa mtaani, majina hayakosekani. Mama wa genge aliangalia picha kwenye simu yangu akasema, bila kusita, karoti mwitu. Fundi aliyejenga tanki akasema hayo ni yale maua ya kupanda kwenye makaburi, subiri tu yachanue. Kijana anayenisaidia bustanini siku za Jumamosi alisema ni bangi mwitu, ule mmea mrefu wenye harufu kali unaoota mashamba ya mahindi yakishavunwa, ila akaongeza, "Lakini bosi, hii yako ni kama imelala."

Programu ya kutambua mimea kwenye simu ilinipa majina matatu kwa picha tatu za mche uleule. Picha ya jani peke yake: karoti. Picha ya mche mzima kutoka juu: kamomili. Picha niliyopiga jioni, mwanga ukiwa hafifu: Artemisia. Sikuilaumu sana. Nilikuwa nimeipa majani, na majani yaliyochanika yako kwenye mimea mingi mno isiyo na undugu wowote. Shina sikulionyesha kwa sababu lilikuwa bado halijatoka, na ua halikuwepo. Nilichoiuliza ni sawa na kumwonyesha mtu sikio na kumuuliza hili sikio la nani.

Jina la tatu lilikuwa na hatari yake. Shemeji yangu alikuja kututembelea, akaona ile picha ya jioni na jina lake, akafurahi. Artemisia ni jina linalojulikana sana Arusha. Ile aina inayotoa dawa ya malaria imelimwa na wakulima wa mkoa huu kwa kuuza, na wengi huiita pakanga, sawa na ndugu yake wa porini. Mtu anayeona majani yaliyochanwachanwa na kufikiria pakanga hajafikiri kijinga hata kidogo. Nilipotoka nje nikamkuta amekwisha kata kiganja kizima, na birika liko jikoni.

"Shemeji, si ndiyo ile dawa? Mtoto ana homa tangu jana."

"Ngoja kwanza. Hebu nusa."

Akanusa. Pakanga ukiifikicha chumba kizima kinajua. Hili halikutoa kitu. Akaliweka chini, na mtoto akapelekwa zahanati kupimwa. Kwa jinsi nilivyokuja kujua baadaye mmea ule una nini ndani yake, lile birika ndilo linalonijia kichwani kila ninapokumbuka kisa hiki.

Kutoa mmoja baada ya mwingine

Katikati ya Desemba mimea ilisimama. Kutoka katikati ya ile sahani ya majani likapanda shina, na ndani ya siku kumi baadhi yalikuwa yamefika magotini. Sasa kulikuwa na kitu cha kushika. Nikakaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikiwa na wembe, kioo cha kukuzia cha mwanangu cha shuleni, na mimea mitano ya kulinganisha: karoti kutoka kwa jirani, giligilani yetu, bangi mwitu kutoka kando ya njia, mashona nguo, na lile gugu dogo la bustanini ambalo wengi hapa huliita makdonaldi.

Karoti ilitoka ya kwanza. Jani la karoti lina kikonyo kirefu ambacho chini kabisa hupanuka na kulikumbatia shina kama ala ya kisu. La mgeni halikukumbatia kitu. Halafu nikang'oa mche mmoja kuangalia mzizi: mmoja mkuu, mweupe, mwembamba, umezama moja kwa moja chini, na haukuwa na harufu ya karoti hata ulipokatwa. Giligilani ikatoka kwa hoja hiyohiyo, pamoja na pua ya mke wangu.

Bangi mwitu ilihitaji uangalifu zaidi kwa sababu ikiwa changa inafanana kweli. Tofauti iko katika mpangilio wa majani juu ya shina. Bangi mwitu, hasa sehemu ya chini, huota majani mawilimawili, moja likitazamana na mwenzake kwenye kifundo kimoja. Ya mgeni yalikuwa moja huku, moja juu yake upande mwingine, yakipanda kama ngazi ya kuzunguka. Tena jani la bangi mwitu ukiliinua kuelekea jua unaona vitone vidogo vinavyopitisha mwanga. Ndivyo vifuko vya mafuta vinavyotoa ile harufu. Niliinua jani la mgeni mara tatu. Hakuna kitone.

Mashona nguo na makdonaldi nayo yana majani mawilimawili, yakaondoka pamoja bila mjadala.

Likabaki shina lenyewe, na hapa ndipo nilipoanza kuona kwamba nilikuwa nimetazama mahali pasipofaa muda wote. Shina la mgeni lilikuwa na mifereji. Mistari iliyonyooka, iliyoinuka na kushuka kwa zamu, kutoka chini hadi juu, kama nguzo ya jengo la zamani. Ukipitisha ukucha kwa upana wake unasikia miinuko. Juu ya mistari hiyo kuna vinywele vifupi vyeupe, ndivyo vilivyoupa mmea mzima ule mpauko. Jani linaweza kuigizwa na mimea ishirini, lakini jani lile, shina lile, na majani yanayopandana kwa zamu, vyote kwa pamoja, vilibakisha uwezekano mdogo sana.

Nilihitaji ua ili nimalize ubishi, na ua ndilo hasa mtu asiyejua ana nini bustanini hapaswi kuliacha lifunguke. Nilichagua mche mmoja kando ya tanki, nikaufunika kwa kipande cha chandarua cha zamani kilichofungwa chini kwa kamba. Ikaja kuwa hatua pekee ya busara niliyochukua kabla ya kujua jina.

Siku chache kabla ya Krismasi ukachanua. Vichwa vidogo vyeupe, rangi ya maziwa, vingi kwenye matawi ya juu, kila kimoja chini ya milimita 5. Ukikiweka kwenye ukucha wa kidole cha mwisho nafasi inabaki. Kwa macho matupu ni kidoti cheupe tu. Chini ya kioo kina pembe tano, na kwenye kila pembe kuna petali moja fupi, imejikunja kama kijiko cha chumvi. Nikalinganisha na makdonaldi, ambayo nayo ina petali tano nyeupe: yake iko wazi, ina meno matatu kwenye ncha, na katikati ni njano. La mgeni lilikuwa jeupe lote, hadi katikati.

Pembe tano, mbegu tano. Kila kichwa hubeba mbegu tano nyeusi, moja kwa kila pembe. Sikulijua hilo siku ile. Nilikata kichwa kilichokwisha kukauka nikakuta punje nyeusi ndogo zikidondoka kwenye karatasi, nikazihesabu mara mbili.

Niliyekuwa nikimtuhumu

Kabla ya jina kupatikana nilikuwa na swali lingine, na nilishampata mshtakiwa. Mwezi wa Septemba nilichukua samadi kwa babu jirani, mikokoteni miwili. Samadi huleta magugu, hilo kila mkulima analijua. Nikaenda kwake asubuhi moja, mmea mkononi, nikiwa nimejipanga kuongea kwa adabu lakini ujumbe ufike.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

"Nimekuja kukuuliza. Hili limeota kwangu, nadhani limetoka na ile samadi."

Akalichukua, akaligeuza, wala hakulinusa. "Ng'ombe wangu hawali hili. Nenda nyuma ya zizi utazame kama limeota." Nikaenda. Nyuma ya zizi, penye lundo la samadi la mwaka mzima, kulikuwa na mnafu, mchicha pori na mimea ya nyanya iliyojiotea. Mgeni wangu hakuwepo hata mmoja. Niliporudi, babu alikuwa bado ameshika ule mmea. "Hili ni la barabarani," akasema. "Lilikuja na magreda."

Nilirudi nyumbani nikachora bustani kwenye karatasi ya daftari, kila mmea nikiuweka nukta. Ningeanza na karatasi hiyo Novemba, ningeokoa wiki sita. Matuta ya vitunguu na ngogwe, yaliyopata samadi nyingi kuliko yote, yalikuwa na nukta tatu tu. Nukta 17 za kando ya tanki zilikuwa zimeizunguka ile sehemu ya nyuma ya jiko. Nyingine zilifuata mstari kutoka getini hadi pale, upana wa gari. Na tuta la giligilani, lililonidanganya tangu mwanzo, liko mita mbili kutoka lundo la mchanga: mvua ya kwanza ilipofagia lundo, tope liliishia ukingoni mwake.

Nikampigia dereva wa tipa.

"Ule mchanga wa Agosti uliuchukua wapi?"

"Mtoni, bosi, kwenye korongo. Palepale tunapochota siku zote. Kwani una shida? Ulikuwa na udongo?"

Nilikwenda na pikipiki Jumapili iliyofuata. Kingo zote mbili za korongo, kuanzia pale tipa zinapogeuzia, zilikuwa nyeupe kama mtu amepita akimwaga unga wa sembe. Mimea ilifika kiunoni, mingine kifuani. Katikati ya njia, penye matairi, ilikuwa imelala na kuota tena imelala. Vijana wanaopakia mchanga walikuwa wameketi juu yake wakila.

Jina

Afisa ugani wa kata hakuhitaji kioo. Nilimfikishia mche mzima na aliponiona nikishuka kwenye pikipiki akasema, "Gugu karoti. Umelitoa wapi?" Jina la kitaalamu ni Parthenium hysterophorus, wa ukoo uleule wa alizeti, mashona nguo na makdonaldi. Karoti haina undugu nalo. Hili jina la Kiswahili lina tabu zake, kwa maoni yangu. Linamfaa mtu anayelijua tayari gugu hili, lakini kwa asiyelijua linampeleka moja kwa moja kwenye kosa nililolifanya mimi na mama wa genge: linamwambia atazame jani.

Asili yake ni nchi za joto za Amerika, kandokando ya Ghuba ya Meksiko. Kila lilikoingia kwingineko, historia yake inaanza na mzigo wa kitu kingine. India lilianza kuzungumzwa miaka ya 1950 mjini Pune, na wengi hulihusisha na ngano iliyoagizwa kutoka Marekani. Australia liliingia Queensland mwaka 1960 ndani ya mbegu za nyasi za malisho kutoka Texas. Ethiopia lilionekana miaka ya 1970, na hutajwa mambo mawili: nafaka za msaada na magari ya kijeshi ya wakati wa vita na Somalia. Kenya lilishakuwepo miaka hiyohiyo ya 1970 kwenye mashamba ya kahawa, na mwaka 2010 lilionekana Masai Mara, kando ya mto. Mwaka huohuo wa 2010 ndipo lilipotambuliwa kwetu, Arusha. Babu aliyesema lilikuja na magreda hakusoma popote, lakini alikuwa amekaa kwenye kigogo mbele ya nyumba yake miaka yote hiyo akitazama barabara ikichongwa.

Mmea mmoja uliostawi hutoa mbegu kuanzia elfu kumi hadi zaidi ya elfu ishirini. Mbegu ni nyepesi, inakwenda na maji ya mafuriko, tope la tairi, kwato, mashine za kuchonga barabara, mchanga, changarawe. Inaota wakati wowote ardhi ikiwa na unyevu, na mmea huanza kuchanua baada ya wiki nne hadi sita hivi, maana yake kwa msimu mmoja mzuri kuna vizazi zaidi ya kimoja. Mbegu iliyokaa juu ya udongo hufa mapema. Iliyofukiwa inaweza kusubiri miaka. Kwa hiyo jembe linalogeuza udongo chini juu, ambalo ndiyo tiba yetu ya kila gugu, hapa linaweka akiba benki kisha linaitoa.

Ndani yake kuna kemikali iitwayo parthenini. Ndiyo ule uchungu wa nyuma ya koo. Hutoka kwenye mizizi na majani yanayooza na kuzuia mbegu za mimea mingine zisiote vizuri jirani yake. Ng'ombe hulikwepa, lakini kiangazi kikikaza na hakuna kingine hula, na maziwa na nyama hupata ladha chungu. Akila kwa wingi huugua, hata kufa. Kwa binadamu, tatizo kubwa ni ngozi na pumzi. Mzio wake hujengeka kidogo kidogo kwa kulishika mara kwa mara, ukishajengeka hauondoki kirahisi, na hupenda sehemu zilizo wazi: kope, shingo, mikono. Chavua yake huwasumbua wenye pumu.

Afisa ugani aliposema "kope" nikamkumbuka kijana wangu wa Jumamosi. Tangu vuli ianze alikuwa anakuja kope zimevimba, shingo ina mabaka, anajikuna kwa mgongo wa mkono. Mwenyewe alikuwa amebadilisha sabuni mara mbili. Anafyeka viwanja sita kwa wiki, mikono mitupu, shati limefunguliwa. Nilimwomba aende zahanati na akifika aeleze anachokishika kila siku, kwa sababu mganga asiyeambiwa hilo atatibu ngozi na kumrudisha kwenye fyekeo lilelile.

Kulitoa

Kufyeka halifai. Likikatwa juu ya ardhi huchipua tena kutoka kisikini, matawi mengi zaidi, na maua yanakuja chini ambapo fyekeo halifiki. Linang'olewa na mzizi, ardhi ikiwa na maji, kabla halijachanua, mikono ikiwa na glovu na nguo za mikono mirefu. Ukosefu wa glovu si sababu ya kuacha: mfuko wa nailoni mzito uliovaliwa mkononi unatosha kwa bustani ya nyumbani. Lisilo na ua linaweza kuachwa likauke juani. Lenye ua, vichwa vinakatwa kwanza kwa mkasi na kuingizwa ndani ya salfeti hapohapo lilipo, kisha mmea unang'olewa, vyote vinakaushwa vikiwa vimefungwa na kuchomwa. Haliwekwi kwenye mboji, halitandazwi kama matandazo, halipelekwi kwa mbuzi.

Siku ya kwanza niling'oa 58. Baada ya wiki tatu yaliota mengine 33, madogo, nikayatoa kwa mwiko. Mchanga uliobaki sikuweza kuurudisha korongoni wala kumpa mtu. Niliukusanya mahali pamoja, nikaumwagilia makusudi ili kilichomo kiote, nikang'oa, nikaumwagilia tena. Mizunguko mitatu. Wa tatu ulitoa mche mmoja. Kisha mchanga ukaenda kwenye zege la njia ya kuingilia, ambako sidhani kama kuna kitakachoota. Nyuma ya jiko nilipanda maboga na ngwara, mimea inayotambaa na kufunika ardhi yote, maana miche ya gugu karoti inahitaji mwanga na haistahimili kufunikwa ikiwa changa.

Ule mche wa chandarua ulikwisha salama, ndani ya chandarua chake, motoni. Nilidhani nimemaliza.

Masika yalipoanza, mwezi wa Machi, nilitoa tena ile karatasi ya daftari. Nyuma ya jiko hakukuwa na kitu chini ya maboga. Mstari wa matairi ulikuwa safi. Lakini kulikuwa na nukta mpya tisa mahali ambapo hapakuwahi kuwa na hata moja: katikati ya tuta la ngogwe, kwenye njia ya miguu, kando ya bomba la kunawia. Zilikuwa zimepangana kwa hatua, kama nyayo.

Ilinichukua muda nikiwa nimesimama pale na karatasi. Ule mche niliompelekea afisa ugani haukuwa wa chandarua. Niliutoa nyuma ya jiko, mrefu kuliko wote, vichwa vya chini vikiwa vimekwisha kuwa kahawia, nikauweka begani kama mtu anayebeba muwa, nikakata kupitia tuta la ngogwe, nikasimama bombani kukung'uta udongo wa mizizi ili nisiuchafue mfuko, kisha nikaendelea. Wa tisa ulikuwa getini, pale nilipokuwa nimeegesha pikipiki.